Mjomba Mdogo Kuliko Mpwa

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu mzazi kliniki ya wajawazito huku Hanang. Mwenye mimba ni yeye, ana miaka arobaini na nne, na mimi mwanangu wa miezi mitatu yuko mgongoni. Bibi mmoja kwenye benchi akamnyooshea kidole mtoto wangu.

"Wewe mama, ukishapata mjukuu si unafunga kazi?"

Mama akamwamkia kwanza, "Shikamoo," ndipo akamjibu, "Tumbo halijasikia kwamba naitwa bibi."

Benchi zima likacheka isipokuwa mimi, maana majirani walishaniambia kwa umri huo mtu anakufa na mtoto wake tumboni, na wiki nzima sikulala. Tulipoingia kwa nesi nikamwaga yote kwa pumzi moja: nesi, si amezeeka huyu, atapona kweli, na damu je? Nesi akampima mama taratibu, akanigeukia, akanifunga na mimi kile kitambaa cha presha.

"Mama yako mzima. Kwa umri wake tutamwangalia kwa karibu, na atajifungulia hospitali. Presha iliyopanda ni yako. Kaa chini, pumua."

Nikakaa, nikalia, nikacheka.

Anayetaka kujua nani amezeeka kuzaa, amuulize mwenye kipimo, asiulize benchi. Sasa mama amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mimi nimebakiwa na kazi moja: kumfundisha mwanangu, aliyetangulia kuzaliwa, kumwamkia mjomba wake shikamoo.