Kibuyu Kilikuwa Safi

Nilimvunja mke wangu mkono siku ya Jumapili, saa nane mchana, tukiwa bado tumevaa nguo za kanisani. Nilitumia kigoda, kile tunachokalia tukikamua ng'ombe. Mfupa ulitoa sauti ndogo tu, kama kijiti cha kuni kinapovunjwa kwenye goti. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, akaushika mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akaniangalia. Nakumbuka nilizidi kukasirika kwa sababu aliniangalia.

Ugomvi ulikuwa wa kibuyu. Sisi watu wa Kimulot tunakunywa mursik, maziwa yanayolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum mpaka yakaganda na kuchachuka. Mke hupimwa kwa vibuyu vyake. Anaweza kuchuma chai kuliko wanaume wawili na kulea watoto wakanyooka, lakini kibuyu chake kikinuka, wakwe watamsema mpaka azeeke. Mimi nilikuwa na changu, chenye mkanda wa ngozi na shanga, nilichopewa na mama siku nilipooa. Hakuna mwingine aliyekinywea.

Tumbo lilianza kunisumbua baada ya homa ya matumbo iliyonilaza karibu mwezi mzima. Homa iliisha, tumbo likabaki na mambo yake. Nilikuwa navimba kama ng'ombe aliyekula majani yenye umande, kisha nakatwa ndani kwa ndani, kisha nakimbilia choo. Nilikuwa nalala nimekunja magoti kifuani na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Asubuhi nakunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa ili nipate nguvu ya kwenda shambani, mchana ugali na mursik, jioni tena. Wazo la kwamba maziwa yanaweza kumdhuru mtu halikunijia. Ungeniambia hivyo, ningekucheka, au ningekupiga.

Maana nilikuwa nimeanza kupiga. Mbwa wetu nilimpiga teke akahama, nikamwona baadaye kwa jirani, ananitazama kutoka mbali. Jirani huyo huyo nilimzaba kofi kwa sababu ya mche mmoja wa chai mpakani. Kwenye kituo cha kununulia chai karani alisema majani yangu ni magumu, niyachambue upya. Nilimrushia kikapu kizima usoni, nikamvuta kwa kola juu ya meza ya mizani, na walihitajika watu wanne kunitoa. Wengine walisema homa imenipanda kichwani. Wengine, na hawa ndio nilipenda kuwasikia, walisema sasa nimekuwa mwanaume.

Mama yangu, anayekaa ng'ambo ya ua, alikuwa na jibu lake.

"Hiyo ni mwili imekosa nguvu," aliniambia. "Ongeza mursik. Hii maziwa ndio imekulea wewe."

Nikaongeza. Hali ilipokuwa mbaya zaidi, mama alikichukua kibuyu changu, akakinusa mdomoni, akakirudisha ukutani. "Huyu msichana hachomi mkaa ya kibuyu vizuri," akasema, halafu akaenda zake. Maneno hayo machache yalinikaa kichwani siku tatu. Sikumuuliza mke wangu kitu. Niliyafuga tu, huku nikikunywa.

Jumapili hiyo nilimwaga vikombe viwili vya mursik tumboni baada ya ibada, na kabla sijamaliza ugali maumivu yakanishika. Nilimwambia anaweka uchafu ndani ya kibuyu changu. Nilimwambia kwao hawakumfundisha kazi. Watoto walikuwa shule ya bweni, kwa hivyo hatukuwa na mtu wa kumwonea haya.

Alikishusha kibuyu, akakiinamisha nione mkaa ulivyoshika ndani, mweusi, laini, bila doa.

"Kibuyu ni safi," alisema. "Tumbo yako ndio imeharibika."

Ndipo nikachukua kigoda. Nataka kusema sikujua ninachofanya, lakini najua nililenga kichwa, na mkono wake ndio uliotangulia kukikinga.

Kabla ya jua kutua alikuwa ameondoka kwenda kwao Sigowet, mkono umefungwa kwa leso.

Nikabaki na nyumba. Kutengeneza vibuyu ni kazi ya wanawake, na mimi hata kujaribu nilikataa, kwa hivyo changu kikaning'inia kikakauka. Maziwa yote niliyapeleka yanakokusanywa kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuchemsha. Nilikunywa chai ya rangi na kula ugali kwa mboga. Wiki haijaisha, nikalala usiku kucha nimenyoosha miguu. Niliamka nikamsalimia jirani, na yule bwana aliruka hatua nzima nyuma.

Kisha mama akaniletea mursik kutoka kwa kibuyu chake mwenyewe, kilichosafishwa na mikono yake, ile mikono isiyosemwa na mtu. Nilikunywa yote kwa furaha. Baada ya saa moja nilikuwa najiviringisha kwenye nyasi za ua, na baada ya saa mbili nilikuwa nimeupiga mlango wa zizi mateke mpaka ukatoka kwenye bawaba. Mama alisimama ameshika kibuyu kitupu. Hakusema kitu kuhusu uchafu.

Daktari niliyemwona alinipima, akaniuliza maswali ya choo ambayo sikuzoea kujibu, akaniambia ile homa ilikuwa imeharibu utumbo na tumbo langu haliwezi tena maziwa. Alisema mtu anayeumwa kila siku na asiyelala ana hasira ya karibu. Sikumsikiliza sana baada ya hapo. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka, na kilikuwa na jina: maziwa. Nilitoka pale mwepesi, karibu nicheke barabarani. Miezi yote hiyo nilidhani mimi ni mtu mbaya.

Nikaenda Sigowet kumrudisha mke wangu, nimeongozana na baba mdogo, kwa sababu mtu haendi kwa wakwe peke yake kwa jambo kama hilo. Nilikwenda kama mtu anayepeleka habari njema.

Walitupokea vizuri kuliko nilivyostahili. Baba mkwe alitukalisha sebuleni. Mama mkwe, kwa heshima ya kwetu, hakuketi nami. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, ameniangalia upande. Na kama ilivyo desturi, kabla ya maneno ililetwa mursik. Mke wangu ndiye aliyeileta. Alikitikisa kibuyu kwa mkono wa kulia, na nilipoona ule wa kushoto nilijua haukuunga vizuri. Kifundo kilikuwa kimepinda kuelekea nje. Mkono ule hautachuma chai tena.

Nikakataa kikombe. Kukataa mursik ya wakwe ni kuwatemea mate. Lakini hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naisubiri. Nikaeleza yote: homa, tumbo, kibuyu cha mama, daktari. Niliongea vizuri. Nikamalizia kwamba sasa nimeacha maziwa kabisa, kwa hivyo jambo limekwisha.

Mama mkwe alicheka kidogo.

"Kwa hivyo ni ng'ombe imevunja mkono ya msichana wangu," alisema.

Baba mdogo akaangalia chini. Nikaona mabega ya baba mkwe yakitikisika. Damu ilinipanda, ile ile, kutoka mahali pale pale, na sijui niliinuka saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilijikuta nimesimama, kibuyu chao nimekishika kwa mkanda, kimeinuliwa juu ya kichwa changu, maziwa yananitiririkia kwenye mkono wa koti. Na mke wangu alikuwa ameuweka ule mkono uliopinda mbele ya uso wake.

"Leo hujakunywa," alisema.

Tumbo langu lilikuwa limetulia kabisa. Nililisikiliza, naapa, nikiliomba liume hata kidogo, na halikuuma. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na kula viazi vitamu. Usiku uliopita nililala vizuri.

Baba mdogo alikitoa kibuyu mkononi mwangu taratibu, kidole kwa kidole. Nikaketi. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikasema, "Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, na baba mkwe akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Msichana anabaki," alisema baba mkwe.

Mke wangu ndiye aliyetusindikiza mpaka langoni, mbali kidogo nami. Nilimuuliza kama naweza kuja tena.

"Kuja," alisema. "Lakini hiyo stori ya tumbo wacha nyumbani. Kuja na mkono yako, unieleze hiyo."

Sijagusa maziwa tangu wakati huo, na mwili wangu una afya kuliko ulivyokuwa kwa miaka. Daktari alisema kweli, na hasira ilipungua kweli, karibu yote. Ni hii iliyobaki ninayoijua kwa jina lake sasa. Nimekwenda Sigowet mara mbili. Kila mara mke wangu huniletea kiti, kisha huchukua chake na kukiweka mahali ambapo mkono wangu haufiki.