Tangi la Jiko la Newala

Lois Nathanaeli, mzaliwa wa Lulindi, aliajiriwa mpishi kwenye nyumba ya wageni ya serikali huko Newala mwaka wa uhuru. Jikoni alikuta jiko aliloliacha Mwingereza: dude la chuma zito, oveni upande mmoja, tangi la maji upande wa pili. Oveni iliunguza mkate kushoto ikauacha mbichi kulia. Hilo alilizoea, aliugeuza mkate ukiwa nusu kuiva. Tangi ndilo lililomnyima raha. Lilishikana na sehemu ya kuni, na moto ukiwaka bila tangi kujaa, chuma hupasuka. Aliyelibuni hakufikiria mji ambao maji hupandishwa kutoka bondeni.

Kiangazi cha mwaka 1972 mabomba yalikauka wiki tatu. Kisimani bondeni wenyeji walipanga foleni pamoja na wakimbizi waliovuka Ruvuma kukimbia vita. Lois alishinda huko kutwa, akapata debe moja la maji. Alimtekea binti yake Ethel, aliyejifungua juzi na sasa anachemka homa.

Kesho yake msimamizi, Bwana Edmund, akamwambia wakubwa kutoka Mtwara wanafika mchana. Wapikiwe nyama ya kuoka.

"Tangi halina maji, Bwana Edmund. Niruhusu nipike nje, kwenye mafiga."

"Wakubwa wapikiwe nje na jiko lipo? Mama Ethel, kama kazi imekuchosha, sema."

Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha tangu mumewe afe. Lois akarudi nyumbani. Alimchotea Ethel vikombe viwili, bila kumtazama usoni, akajitwika debe kurudi jikoni.

Maji yalifika nusu ya tangi. Akawasha kuni chache, akisali kimoyomoyo. Nyama ilipoanza kunukia, chuma kikalia kwa kishindo. Ufa ulianzia pale maji yasipofika, ukashuka hadi chini, na maji yote yakamwagikia makaa. Lois alipiga magoti akikinga kwa sufuria. Alipata maji ya kutu na majivu.

"Umeharibu mali ya serikali," Edmund alisema mlangoni.

"Nilikwambia."

Hakungoja jibu. Alichukua debe, akateremka bondeni. Katikati ya mteremko akaketi akalia, khanga mdomoni, kisha akainuka akaenda kupanga foleni.

Alirudi na maji jua likizama. Homa ya Ethel ilishuka siku ya nne, lakini maziwa yalikuwa yamekatika. Mtoto walimzika Jumapili. Lois alikuwa ameshaachishwa kazi. Mwaka uliofuata yeye na bintiye walihamia kijiji cha ujamaa upande wa Masasi, karibu na mto, wakalima mihogo.