Kigelegele cha Matroni Mboni

Midomo ya Mboni Jabiri imebana pini za mitandio, ndiyo maana jioni hii haongei. Anafanya kazi kwa mikono. Anamgeuza msichana, anavuta mtandio mbele, anachomoa pini mdomoni, anabana chini ya kidevu, kisha anampiga kikofi cha mgongo: pita. Anafuata mwingine.

Ni wachezaji wa netiboli wa chuo kikuu kimoja cha Kiislamu hapa Kibaha, ambacho uongozi wake umeomba kisitajwe jina. Wamepanga mstari mlangoni mwa bweni, na hakuna anayekwenda uwanjani kabla matroni hajamkagua. Shati la mikono mirefu, suruali chini ya sketi, mtandio usiofunguka hata mtu akiruka.

"Mtandio ukianguka mwamuzi hapigi kipenga," anasema pini zinapopungua. "Lakini mimi napiga."

Wasichana wanacheka, maana wanamjua.

Mboni, mwenye umri wa miaka 47, ni matroni wa bweni hili kwa mwaka wa nane sasa. Kazi yake ni kusimamia kanuni za mwenendo, na kwa wanamichezo kanuni hizo zina meno zaidi kwa sababu, uongozi unasema, wao ndio wanaoonwa na watu. Asiyeswali Alfajiri hafanyi mazoezi. Anayerudi kutoka mjini Maili Moja baada ya Magharibi hachezi mechi inayofuata. Na uwanjani, mbele ya wanaume, hakuna kucheza ngoma wala kupiga vigelegele. Goli likiingia ni takbiri, basi.

Hiyo ya vigelegele ndiyo iliyokuja kumtokea puani.

Mboni ni mtoto wa Maneromango, Kisarawe, na huko mtu akiwa na shughuli, iwe ndoa au kumtoa mwali, humtafuta yeye kabla hajatafuta sufuria. Kigelegele chake ni kirefu na kimeshiba. Alikipata kwa bibi yake, Mwanamkuu, ambaye naye alikuwa haalikwi, anafuatwa nyumbani. Mume wa Mboni, Sadick, mkulima wa mihogo, hutania kwamba alimposa mkewe kwa kumsikia, sura akaja kuiona baadaye.

Kwa hiyo mtu huyu, katika watu wote, ndiye aliyepewa kazi ya kuzuia vigelegele. Naye aliifanya bila kuonea haya. Mwaka juzi Firdausi, mfungaji kutoka Mlandizi, aliyekuwa mwaka wa kwanza, alifunga goli akajisahau, kigelegele kikamtoka. Mboni alimpeleka ofisini jioni ileile. Firdausi akakosa mechi iliyofuata, na timu ikafungwa.

"Nililia sana," anasema Firdausi. "Ila sikumchukia Mama. Kanuni nilisaini mwenyewe."

Mwaka jana timu ikafika nusu fainali ya mashindano ya vyuo, nyumbani, masheikh wageni wakiwa wameketi mbele. Matokeo yalikuwa sare, dakika zinayoyoma, Firdausi akapokea mpira chini ya pete, akatupa, ukazama. Hapo ndipo kigelegele kilipopasuka pembeni mwa uwanja, cha harusi kabisa, hadi mmoja wa masheikh akaacha kunywa maji yake.

Baada ya swala, Ustadh Abdulkadiri, mshauri wa wanafunzi, aliwakusanya wachezaji. Aliyepiga ajitaje, akasema, na fainali hatacheza. Wachezaji wa akiba walikuwa wamekaa mbele ya Mboni na walijua sauti ilitoka wapi, lakini nani angemtaja mtu anayemwita mama? Macho yakamwendea Firdausi, kwa kuwa alishawahi. Alikana. Ustadh akasema kama hakuna mwingine, basi ni yeye, na fainali atakaa nje.

Mboni alikuwa amesimama nyuma yao. Mkataba wake huongezwa mwaka hadi mwaka, na mshahara wake wa Sh320,000 ndio unaomsomesha Saida, binti yake wa mwisho. Hakuwahi kusikia matroni aliyevunja kanuni akabakishwa kazini. Anakiri kwamba aliogopa, na kwamba kwa muda aliuangalia mlango.

"Nikajiambia, Mboni, mtoto wa watu ulishamwadhibu kwa kosa lake. Sasa unataka aadhibiwe na kwa lako? Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Nikasema, Ustadh, ni mimi."

Ustadh Abdulkadiri anasema hakujua atazame wapi. Alimuuliza kama alikusudia. "Akanijibu, Ustadh, hakikuomba ruhusa."

Uongozi ulikaa, ukamhukumu kama ungemhukumu mchezaji: akose fainali, kazi aendelee nayo. Bwenini wasichana walimpokea kwa methali ya mkuki kwa nguruwe, kila mmoja akiisema kwa zamu, naye akawaacha waseme.

Siku ya fainali, iliyochezwa uwanja uleule, alibaki bwenini akikunja nguo za mazoezi, dirisha wazi. Alisikia vipenga, alisikia kelele, lakini hakuweza kujua ni za nani. Kipenga cha mwisho kikalia, na katika kelele zile takbiri hakuisikia. Akaamini wamefungwa. Alikuwa bado ameshika sketi mkononi Firdausi alipoingia, mtandio umelowa jasho, akamwinamia sikioni.

"Akaniambia, Mama, tumeshinda, na hakuna aliyepiga."

Mboni alikaa chini akalia, na hata leo akisimulia machozi humlengalenga.

Tangu hapo akienda uwanjani hubaki na pini mdomoni mpaka mechi iishe. Anasema ndiyo dawa pekee aliyoipata.

Novemba hii Firdausi anahitimu. Ukumbini kanuni ni zilezile, kwa hiyo Mboni ameomba ruhusa ya siku hiyo, na si ya kwenda Maneromango. Atavaa khanga zake, atasimama nje ya geti, barabarani, pamoja na ndugu watakaokuja kutoka Mlandizi, amngoje mhitimu atoke na joho lake.

"Nje ya geti mimi si matroni, ni mama kama mama wengine," anasema. "Chake nilimkatisha. Siku hiyo nitampigia mimi, na sitakikata mpaka pumzi iishe."

Kisha anarudisha pini mdomoni, anawafuata wasichana uwanjani.