Swichi ya Breki, Handeni na Korogwe

Mume wangu alikuwa na nyumba mbili na pikipiki moja. Mimi nilikaa Handeni, mke mdogo Korogwe, na pikipiki hiyo hiyo ndiyo iliyomleta kwangu na kumpeleka kwake. Wivu nilikuwa nimeuzoea. Lakini siku aliponiambia kwamba mwenzangu kabadilisha mnyororo wa pikipiki kwa mikono yake mwenyewe, sikulala. Binti yule alikuwa mtoto wa fundi. Mimi hata spana sikuwahi kushika.

Asubuhi moja mume wangu alifika amekunja uso. Pale Segera alikanyaga breki, na lori lililokuwa nyuma yake nusura limgonge, kwa sababu taa ya breki haikuwaka. Akishika breki ya mkono inawaka. Ya mguu, kimya.

"Swichi imekufa," alisema akinywa chai. "Nikifika Korogwe mwenzako ataibadilisha."

"Itabadilishwa hapa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Nilikwenda duka la vipuri la mama mmoja wa Kihindi, nikamweleza, akanipa kidude chenye nyaya mbili na springi nyembamba. Nikarudi, nikakaa chini uani, karibu na kanyagio la breki. Nikachomoa nyaya za swichi ya zamani, nikanyofoa springi yake, nikalegeza nati, swichi ikatoka. Ukucha ukakatika. Nikafunga mpya, nikageuza ufunguo. Taa ikawaka, ikabaki inawaka, na breki hajaigusa mtu.

Laiti mume wangu angenicheka tu. Alipiga simu Korogwe, akanipa nizungumze.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Taa haizimi? Basi umeipandisha mno, springi imevutika. Shika swichi isizunguke, zungusha nati peke yake, ishuke kidogo. Halafu bonyeza kanyagio polepole. Inatakiwa iwake pale breki inapoanza kushika."

Alisema taratibu, bila kujidai, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angejidai ningepata la kumchukia. Nikazungusha nati huku nikiomba awe amekosea. Taa ikazima. Nikabonyeza kanyagio kwa kiganja, ikawaka. Nikaachia, ikazima.

"Vipi dada?"

"Imekubali," nilisema, nikamrudishia mume wangu simu bila kuaga.

Alikwenda nayo nyuma ya nyumba. Nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia kwangu miaka ya mwanzo, tulipokuwa hatujapata hata kitanda. Nikabaki pale na grisi mikononi, nabonyeza na kuachia, ingawa hapakuwa na cha kujaribu tena.

Mchana aliondoka. Hakusahau kunishukuru, alisema nimefanya kazi ya kiume, nami sikujua kama mwenzangu naye huambiwa hivyo.

Jioni simu ikaita.

"Mzee wetu kafika salama, dada. Nimeiangalia taa, umeifunga vizuri. Mimi ya kwanza niliivunja kabisa, baba akanigombeza."

Nikamwambia ahsante. Nilikuwa nimefurahi, na nilichukia kwamba furaha ile imetoka kwake. Nyuma ya sauti yake mume wangu alikuwa anaomba chumvi. Nilitaka kuuliza kapika nini.

"Kuleni vizuri," nilisema, nikakata.