Karafuu za Mama na Mvua ya Ijumaa

Yule mwanamke jirani yetu aliketi kizingitini mwake akaitazama mvua ikizinyeshea karafuu za mama yangu. Nimezeeka sasa, na nikikumbuka damu bado hunichemka.

Kwetu Pemba, karafuu ikinyeshewa haiulizwi ni ya nani. Wingu likifunga, anayeliona mwanzo hukimbia kuanua, majamvi yake na ya jirani, hata kama jana mlitukanana. Lakini zile zilikuwa zama za siasa, na siasa ilishaingia mpaka jikoni. Watu wa chama chetu walikatazana kununua katika duka la Mwarabu mmoja wa chama cha pili. Mama akaendelea kununua chumvi pale pale, kwa kuwa mwenye duka ndiye aliyetuletea sanda baba alipokufa. Hilo ndilo kosa lake lote machoni pa jirani.

Jirani alikuwa Mkristo kama sisi. Wakristo kijijini tulikuwa wachache, na kanisani tukikaa naye ubao mmoja. Ijumaa ile Mama alikuwa zahanati na kifua chake, mimi shuleni, wanaume msikitini. Nilipofika mbio, karafuu zilikuwa zinaelea. Siku za mbele zikavunda, zikapauka, zikawa mpeta mtupu, karafuu mbovu zisizo na bei. Zile ndizo zingekuwa cherehani. Mama alikuwa hawezi tena jembe, na cherehani ndiyo riziki aliyobaki akiitazamia.

Waislamu walipotoka kusali walikuja na kanzu zao za Ijumaa, wakapiga magoti matopeni kutuokotea. Huyo dada yetu katika Kristo aliingia ndani akafunga mlango.

Jumapili mwalimu wa kanisa alisoma habari za kusamehe saba mara sabini, kisha akawasimamisha Mama na jirani wapeane mikono. Mama akautoa wake mzima. Jirani akatoa ncha za vidole, kama anayeshika samaki aliyechina akaanza kunuka, na hata pole hakusema. Njiani nilimfokea Mama. Dini gani hii, aliyekosewa ndiye anasomewa Biblia, na mkosaji anajipepea? Nilisema mengi, na mengine mtoto hamwambii mamaake. Alinisubiri nimalize.

"Sikumsamehe kwa kuwa anastahiki," akasema. "Nimechoka kulala naye kifuani."

Halafu, msimu ule ule, wingu likafunga tena. Jirani alikuwa amekwenda shamba na majamvi yake yamejaa uwanjani. Mama alishatoka nje.

"Njoo ushike jamvi."

Nikamwambia sishiki, na zioze zote. Aliinama, akakunja jamvi la kwanza, akakohoa mpaka akaegemea ukuta wa yule mwanamke. Basi nikaenda. Sikwenda kwa ajili ya jirani, wala kwa ajili ya Mungu, naye anajua. Nilikwenda kwa ajili ya kile kifua. Nikaanua huku namlaani kimoyomoyo, tukazirundika zote nyumbani kwetu, kavu.

Jirani akaja mbio, karoa chapachapa. Akazitazama, akatia mkono katika rundo, akanusa.

"Hizi za chini zimeingia maji," akasema.

Ahsante hakuitoa. Mama akamshauri aanze kuzianika hizo, jua likitoka. Mimi nilitoka nje kwenye mvua, maana ningebaki ningempiga.

Na unajua jirani alinunua nini kwa karafuu zile? Cherehani. Ukuta wetu na wake ulikuwa wa udongo, na kutwa nzima tukiisikia ikienda, Mama amelala kitandani, mimi namchemshia tangawizi. Siku moja alitega sikio kwa muda mrefu.

"Inakwenda vizuri," akasema. "Haigongi."

Nilitaka kuuvunja ule ukuta. Jumapili aliyoweza tena kwenda kanisani tulikaa ubao ule ule na jirani, Mama katikati yetu. Katika Baba Yetu, nilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nikanyamaza. Mama naye akanyamaza. Kanisa zima likatupita, wakafika mwisho, wakasema amina, na yeye bado ananingoja. Nikalisema lile neno kwa meno yaliyobana, ndipo naye akalisema lake.