Siku Niliyowaua Wakulima Wote wa Dundori

Naona haya hata kusimulia, kwa sababu kompyuta haikukosea, ni mimi na kujifanya najua, na mpaka leo nikipanda Dundori naishusha kofia hadi kwenye nyusi.

Nilikuwa karani wa majaribio kwenye chama cha wakulima wa viazi (ilibaki wiki moja nithibitishwe), kazi yangu kuwatumia wanachama SMS, na mtu timamu angetumia simu, lakini mimi nilikuwa na ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, na wikendi hiyo, nyumbani kwangu mtaa wa Section 58, nikabadilisha shell ya zamani, yaani ile programu inayopokea amri zenyewe, nikaweka mpya yenye rangi rangi. Jumatatu asubuhi mzee Kimani, mmoja wa wanachama, akafariki, na mwenyekiti wetu, Mama Wambui, akaniambia nitume tangazo. Nikaunga amri mbili: ya kwanza ipunguze orodha ya wanachama libaki jina la marehemu, ya pili ichomeke kilichobaki baada ya "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha", kisha itume. Kwa shell ya zamani nilivyozoea kuunga, ya kwanza ikikataa, ya pili inatulia. Hii mpya, ya kwanza ilipokataa, ilipitiliza ikaipa ya pili orodha nzima, na badala ya kurundika majina yote kwenye ujumbe mmoja, ikaandika tangazo la kifo kwa kila jina, ikawatumia watu wote, nami nikaenda kunywa chai.

Kufika saa nne, Dundori yote ilikuwa inaenda kufariji Dundori yote, watu na sukari na maziwa mkononi wakikutana barabarani na marehemu wao, nao wamebeba sukari. Mama mmoja alimpigia mumewe simu kumuuliza kama amekufa, na mume akamwambia angoje kwanza amalize kukamua.

Nikajua kazi imeenda. Halafu mzee Gitau, mmoja wa niliowaua, akaingia ofisini, akaketi, na kabla sijamaliza kuomba msamaha akasema polepole, "Kijana, kukosea nimekusamehe. Lakini kwa jirani yangu Njoroge walienda watu arobaini. Kwangu sikuona mtu."

Niliona aibu kubwa kuliko ile ya SMS.

Mama Wambui aliniachia kazi kwa sharti moja: matangazo ya msiba nipeleke kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Shell ile niliifuta na sitaigusa tena. Huwa naanzia kwa Gitau, hata kama hakuna aliyekufa, na sukari nabeba.