Nilimfuta Mwalimu Wangu

Mikono mitano ilipanda juu kumfutia mwalimu wangu leseni ya uhandisi. Wa kwanza ulikuwa wangu.

Wa sita ulikuwa wake mwenyewe, mshtakiwa. Chumba kizima kikapigwa butwaa.

Ngojeni niwaeleze. Msinihukumu bado.

Nilifika ofisini kwake nikiwa mbichi kabisa, cheti bado kinanuka wino. Tulimwita Baba Kofia, maana ile helmeti ya kazi aliivaa hata akinywa chai.

Siku moja akanivuta shati. "Twende kwenye chama cha wahandisi."

"Wanalipa?"

"Wanalipa lawama. Twende."

Nikaanza kwa kupanga viti. Baadaye nikaandika mihtasari ya vikao. Kisha nikawa nawapeleka wanafunzi kuona madaraja yakijengwa. Yote bure, na niliyapenda mno.

Mwaka wa nane nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya tawi. Baba Kofia alipiga makofi mpaka helmeti ikamshuka machoni.

Mwaka uliofuata mvua ikaangusha ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya zahanati. Mlinzi akavunjika miguu yote miwili.

Ripoti ilisema aliyepiga hesabu alisahau uzito wa maji yanayojaa nyuma ya ukuta. Michoro ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Sahihi: Baba Kofia.

Katibu akaninong'oneza, "Mwenyekiti, huyu ni kama mzazi wako. Kaa pembeni, makamu aendeshe kikao."

Nikakataa. Nilitaka watu waseme, yule bwana hapendelei mtu.

Mzee akaingia kikaoni kichwa wazi. Hapo ndipo nikaona upara wake kwa mara ya kwanza.

"Hesabu ni zako?" nikamuuliza.

"Sahihi ni yangu."

"Nimeuliza hesabu, mzee."

"Na mimi nimekujibu, mwenyekiti."

Siku zote aliniita mwanangu.

Nikaita kura. Mengine mnayajua.

Baada ya hapo sikukanyaga kwake. Nilijiambia ni kazi nyingi. Uongo mtupu, nilikuwa naona aibu.

Mwezi wa nne baada ya kikao, presha ikamwangusha bafuni. Hakuamka tena.

Tulipotoka kuzika, mkewe, ambaye tangu zamani namwita shangazi, akaniita chumbani. Akanikabidhi faili.

"Alinikataza nisikuletee," akasema. "Sasa hayupo wa kunikataza."

Kurasa sita za hesabu za ule ukuta.

Mwandiko ulikuwa wangu. Saba zangu zile zile zenye mkato katikati. Tarehe yake ni mwezi wangu wa tatu kazini, nilikuwa nimeshasahau kabisa.

Nikakaa sakafuni.

"Wiki ile nilikuwa nimelazwa," shangazi akasema. "Alisaini bila kukagua, akanikimbilia hospitali. Alisema kijana kukosea ni kawaida, ndiyo maana anapewa mtu wa kumkagua. Kosa akalihesabu lake."

"Mbona hakuniambia, shangazi?"

"Alitaka akueleze mwenyewe, ukija. Kila Jumapili alivaa shati safi, akasema, leo atakuja."

Akainama, akalifunga faili.

"Hukuja, baba."

Nililia mbele yake kama mtoto. Hakunibembeleza, na sikustahili.

Mwezi ule nikasimama mbele ya wanachama wote, nikasoma zile kurasa, nikajiuzulu. Wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba kosa lilikuwa la watu wawili. Nikaenda na kwa mlinzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimsogezee magongo yake, akainuka, akaingia ndani.

Jina la Baba Kofia halibebi tena lile kosa peke yake. Mwenyewe hayupo wa kulisoma.

Ndugu zangu mnaojitolea kuongoza, siku mkiletewa kesi ya mtu aliyewalea, ondokeni mezani. Waachieni wengine kiti, nyinyi nendeni nyumbani kwake mkamuulize.

Mimi sikuondoka. Na sikwenda.